Sanduku la Maswali: kumbi la nazi, nguzo ya jeti na gari isiyo na dereva

Salaam wasomaji. Toleo lililopita kijana mmoja aliuliza hizi gari zinazojiendesha zinajuaje njia, nami nikamjibu kwa mistari mitatu tu manake nafasi ilikuwa imekwisha, na ndani ya hiyo mistari nikaandika kwamba ziko hesabu zinazoipitisha gari kama maji yanavyopita, "na maji hayakwami". Basi hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyonitia mashakani, sanduku limejaa. Nimechagua barua nne, moja ni ya kunisuta na hiyo ndiyo niliyoipenda zaidi.

SWALI: Maalim, sabalkheri. Mimi niko chuo, nasoma mambo ya kompyuta, kwetu ni Mokowe. Hiyo habari yako ya maji sijaielewa hata kidogo. Maji yanateremka, sawa, lakini huku kwetu kwenda mji wa Hindi barabara ni tambarare kama sinia, sasa hayo maji yatateremkia wapi? Au ulikuwa unatupigia hadithi?
– Mwanafunzi, Mokowe

JIBU: Sikuwapigia hadithi mwanangu, nilikata kona tu. Mteremko upo, ila si wa ardhi, ni wa namba, na tunautengeneza sisi wenyewe.

Chukua karatasi ya visanduku, ile ya daftari la hesabu la skuli, uchore mtaa wenu. Kila kisanduku chenye ukuta kipe 1. Pale unapotaka gari ifike, tuseme jeti, yaani gati la boti, papatie 0. Vilivyobaki, yaani njia zenyewe, namba zake huzijui bado, kwa hivyo anza na yoyote halafu pita kimoja kimoja na kila kimoja ukipe wastani wa majirani zake wanne, wa juu, wa chini, wa kulia na wa kushoto. Kilichobanwa na kuta tatu na jeti upande mmoja kitapata 1 na 1 na 1 na 0, gawa kwa 4, ni 0.75. Ukimaliza karatasi nzima rudi mwanzo upite tena, na tena, na tena, mpaka namba ziache kubadilika. Wewe mkono utakuuma, kompyuta haiumwi. Hapo sasa una mteremko: popote uliposimama, tazama ni jirani gani mwenye namba ndogo kuliko wote, ingia kwake, na ukifika kwake fanya vivyo hivyo, mwisho unajikuta jeti.

Huo mchezo wa wastani ndio mlinganyo wa Laplace, yule Mfaransa, na ni huo huo unaoeleza maji yanavyotembea yakiwa hayana msuguano wala hayajizungushi. Mwaka 1990 Connolly, Burns na Weiss waliuleta kwenye kutafutia roboti njia. Kabla yao, 1986, Oussama Khatib alikuwa na njia yake ambayo wengi wanaitumia mpaka leo: unakokwenda kunakuvuta, vizuizi vinakusukuma, roboti inafuata jumla ya hizo nguvu mbili. Ni nyepesi na ni ya haraka, lakini ina ugonjwa mmoja, mvuto na msukumo vinaweza kulingana mahali na roboti ikasimama hapo kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Ni shimo. Ingiza hiyo roboti kwenye kichochoro kisichotokea upande wa pili uone, haitoki.

Kwa Laplace shimo halipo, na sababu yake ni fupi mpaka inachekesha. Shimo ni kisanduku chenye namba ndogo kuliko majirani wake wote wanne. Lakini tumesema kila kisanduku ni wastani wa majirani wake, na wastani wa umri wa watoto wanne hauwezi kuwa mdogo kuliko umri wa kila mmoja wao. Kwisha. Na hapo ndipo nilipoyatoa yale maneno yangu, maji hayakwami.

Sasa kwa vile unasoma kompyuta nikupe na uchungu wake, manake huu vitabuni unapitwa haraka. Chora kichochoro chembamba cha upana wa kisanduku kimoja, kirefu, jeti mwisho wake. Ukifanya ile hesabu, kutoka jeti kurudi nyuma utapata 0.732, kisha 0.928, kisha 0.981, kisha 0.995, yaani kila hatua kile kilichobaki kufikia 1 kinakatwa kikabaki robo na kidogo. Endelea mpaka visanduku 30 hivi: tofauti imeshaingia kwenye desimali ya 17, na namba za kawaida za kompyuta zinabeba tarakimu kama 16 tu. Kwa hivyo huko nyuma kompyuta inaona 1, 1, 1, 1, tambarare kama sinia lako. Mteremko kwenye karatasi upo, kwenye mashine haupo! Mui wa Amu, yaani mji wa Lamu, ni vichochoro vitupu, na hatua 30 ni kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa fundi saa, hata Usita wa Mui, njia kuu ya mji, sijaufikia.

Dawa yake ni kuzibadilisha kuta. Badala ya kuupa ukuta 1, unauambia uige namba ya kisanduku kilichoulalia, ukuta unakuwa wa kuteleza, maji yanapita kando yake bila ya kusukumwa, halafu kule gari inakoanzia ndiko unakokupa 1. Sasa mteremko unashuka sawasawa kutoka mwanzo wa kichochoro mpaka mwisho. Lakini na hii ina deni lake: ukuta usiosukuma hauna habari na bodi ya gari. Umeshaona punda amebeba mchanga pande mbili anavyopiga kona, gunia linasugua ukuta mpaka chokaa inabaki kwenye gunia? Njia ya maji ya namna hii inapenda kona hivyo hivyo. Wenye kazi yao huwa wanazinenepesha kuta kwenye ramani kabla ya hesabu, ili kona ikisuguliwa iwe ya kwenye karatasi tu.

Na usiende ukasema Maalim kaniambia gari zote mjini zinakwenda kwa Laplace. Kuchagua barabara ipi na ipi, kwa kawaida ramani hufanywa mtandao wa vituo na mistari, halafu wanatumia hesabu za kutafuta njia fupi, ile ya Dijkstra ya 1959 au ile iitwayo A* ya 1968, na vizazi vyake. Maji yana ladha zaidi pale nafasi iko wazi na vizuizi viko ovyo ovyo: yadi, uwanja wa kuegesha, angani kwa droni, baharini. Na baharini tuna mwenyewe anasubiri, tena amekasirika.

SWALI: Wewe Maalim, sisi tusiosoma hesabu tumesoma maji. Umeandika maji hayakwami. Mimi nimeendesha boti miaka thalathini na kitu, nenda pale jeti maji yakitoka utazame mbele ya nguzo, halafu utazame na nyuma yake, kisha uandike tena. Na kingine, nikivuka kwenda Manda mimi siielekezi boti kwenye jeti ya Manda, nikifanya hivyo nitajikuta kwengine kabisa. Hiyo gari yako inayajua haya?
– Nahodha, Lamu

JIBU: Nahodha wangu, nilikwenda. Ijumaa asubuhi, bamvua, maji yanatoka kwa nguvu, nimebeba makumbi ya nazi matano kwenye mfuko wa plastiki na watoto wa jeti wananiuliza nauza nini.

Kumbi la kwanza nililitupa juu mkondoni kidogo, likaja, likaikwepa nguzo kushoto kama linaloijua. La pili kulia, vilevile. La tatu nikalilenga katikati. Likaja moja kwa moja kwa kasi, likapunguza, likapunguza, na shibri moja kabla ya nguzo likasimama. Limesimama kweli, huku maji yanapita pande zote mbili. Linatetemeka, linageuza mkia huku na huku, nikahesabu mpaka kumi na nne, kisha boti moja ikapita mbali, kiwimbi chake kikaligusa, likaenda zake kulia. Nyuma ya nguzo kulikuwa na chupa ya plastiki inazunguka mahali pamoja. Niliikuta na nikaiacha.

Kwa hivyo umenishinda, ila nusu. Pale mbele ya nguzo hata maji ya Laplace yanasimama, hilo nililificha kwa uvivu. Si shimo lakini, ni kama mgongo wa punda: ukitoka shingoni unateremka kuja kati, ukitoka kiunoni vilevile unateremka kuja kati, lakini kutoka kati kwenda ubavuni unateremka tena, unaanguka. Gololi utaweza kuisimamisha hapo kwa bahati, na pumzi moja inaiangusha. Shimoni ungepuliza mpaka jioni. Ndiyo maana anayeitengenezea roboti njia kwa hesabu hii hulitia tikiso dogo tu, kile kiwimbi cha boti yako, na imepita.

Ile chupa ya nyuma ni habari nyengine. Maji ya Laplace hayana mzunguko kabisa, yanaizunguka nguzo na kuungana nyuma yake safi kama hapakuwa na nguzo. Maji ya kweli yana unato, yanagandana na nguzo kidogo, yanachanika, yanajiviringisha. Hapo hesabu ya kutafutia njia imechagua maji ya uongo kwa makusudi, kwa sababu maji ya kweli yangeiweka gari nyuma ya nguzo pamoja na chupa. Mimi hilo naliona zuri wallahi, kwamba uongo wenyewe ndio unaofanya kazi.

Swali lako la Manda lina jina. Mwaka 1931 Mjerumani Ernst Zermelo aliliandika: chombo kina spidi yake, kinachokibeba nacho kina mwendo wake, je, omo, yaani pua ya chombo, ielekezwe wapi ili ufike kwa muda mchache kuliko wote? Tuseme boti yako inakwenda kilomita 6 kwa saa na mkondo unakukata ubavuni kwa 3. Unaielekeza digrii 30 juu mkondoni, unavuka umenyooka, na spidi yako ya kuvukia inabaki kama 5.2. Hiyo ni rahisi kwa sababu nimeuweka mkondo mmoja kila mahali. Wewe unajua kwamba karibu na pwani mkondo ni mlegevu na katikati ni mkali, na saa moja baadaye si ule, kwa hivyo omo haikai digrii moja, inageuka njia nzima, na hapo ndipo Zermelo alipofanya kazi. Boti za roboti na droni zinabeba hesabu hiyo, na mkondo au upepo wanautoa kwenye modeli za bahari na hewa. Wewe unautoa kwenye rangi ya maji, sijui nani amelipa bei rahisi.

Gari ya barabarani haina mkondo chini yake. Mkondo wake ni gari nyengine, na hilo ameliuliza mtu wa Malindi.

SWALI: Kaka habari ya huko. Mimi ni wa tuktuk hapa Malindi. Kuna kitu kinaniumiza roho, unakuwa kwa jamu barabara ya Lamu dakika kumi, unasema leo kuna ajali mbele, ukifika mbele hakuna ajali, hakuna polisi, hakuna hata mbuzi, njia nyeupe. Jamu ilikuwa ya nini? Pili, simu ikiniambia kata njia ya ndani nakata, nakuta kila mtu amekata. Hizo gari zisizo na dereva zitafanyaje?
– Dereva wa tuktuk, Malindi

JIBU: Kaka, jamu ulipitishwa nayo, haikuwa mahali. Ilikuwa inarudi nyuma na wewe ukaenda mbele, mkapishana.

Mwaka 1955 Lighthill na Whitham kule Uingereza, watu wa hesabu za maji na hewa hasa, waliandika kwamba gari nyingi kwenye barabara ndefu unaweza kuzihesabu kama kitu kinachotiririka, ukaacha kumtazama dereva mmoja mmoja. Mwaka uliofuata Mmarekani Richards akafika pale pale peke yake. Msingi wake ni mmoja: gari zinazopita kwa saa ni wingi wa gari kwa kilomita, mara spidi.

Fanya na tuktuk, namba ni zangu za mfano tu. Huku nyuma njia iko wazi, tuktuk 20 kwa kila kilomita, spidi 40, zinapita 800 kwa saa. Mbele kumebanana, 100 kwa kilomita, spidi 5, zinapita 500. Zinakuja 800, zinapokewa 500, hizo 300 za ziada kila saa zitakaa wapi? Zinapanga foleni mkiani. Kila kilomita ya foleni inameza 80 zaidi ya njia ya wazi, kwa hivyo 300 gawa kwa 80, mkia unarudi nyuma kwa kilomita 3.75 kwa saa. Polepole kuliko bibi anayekwenda sokoni. Lakini acha dakika 16, umerudi kilomita nzima, na aliyegusa breki wa kwanza ameshafika kwake anakunywa chai.

Na hata wa kugusa breki kwa sababu si lazima awepo. Japani Sugiyama na wenzake, kazi yao ilitoka 2008, waliweka gari 22 kwenye duara la mita 230, wakawaambia madereva nendeni kama kilomita 30 kwa saa, mfuatane tu. Hakuna taa, hakuna makutano, hakuna mbuzi wako. Punde tu mmoja akakaribia wa mbele kidogo, akapunguza, wa nyuma akapunguza zaidi, na mwisho wa duara kuna watu wamesimama kabisa, na hicho kisimamo kikawa kinarudi nyuma kama kilomita 20 kwa saa.

Sasa hapa ndipo gari inayojiendesha ina faida ya kweli, zaidi ya hizo picha za mtu analala kwenye usukani. Arizona, Marekani, walirudia duara hilo wakaitia gari moja tu ya kompyuta kati ya ishirini na kitu. Kazi yake ilikuwa kutokimbilia pengo: wa mbele akichomoka yeye anakwenda mwendo wake wa wastani, wa mbele akisimama yeye anakuwa bado ana nafasi, hasimami. Wimbi likafa. Gari moja ikatuliza duara zima, na mafuta yaliyookolewa yalifika mpaka asilimia 40. Novemba 2022 wakaenda nalo barabara kuu kweli, I-24 kule Nashville, na gari 100. Na wewe unaweza kulijaribu bila kompyuta, wacha pengo mbele ya tuktuk yako, ingawa najua Malindi pengo ni mwaliko, atachomekea mwenzako kabla hujamaliza kuliwacha.

Kuhusu njia. Ukitazama ramani ikakuonyesha nyekundu, hiyo ni nyekundu ya saa hizi. Wewe utafika hapo baada ya dakika kumi na mkia wa jamu utakuwa umehama. Kwa hivyo mwenye modeli ya mtiririko anaulizia kitu tofauti: nikitoka sasa hivi, kipande cha kwanza nitakiingia saa ngapi na kitakuwa na wingi gani wakati huo, na cha pili je, na cha tatu. Ile foleni inayorudi nyuma kwa 3.75 inaingia kwenye hesabu ya njia. Wakati mwengine jibu ni kwamba hiyo nyekundu itakuwa imeyeyuka ukifika, pita hapo hapo, na njia ya ndani ambayo sasa ni nyeupe ndiyo itakayojaa.

Na la kila mtu kukata njia ya ndani. Wardrop alilisema tangu 1952: kila mtu akijichagulia mwenyewe, mwisho njia zinazotumika zinalingana muda na hakuna anayefaidi kwa kuhama, na huo muda si lazima uwe mzuri. Braess, 1968, akaonyesha kitu cha kukera zaidi, kwamba unaweza kufungua barabara mpya na safari ya kila mtu ikarefuka, kwa sababu wote wanaikimbilia na inawamwaga kwenye vipande vile vile vyembamba. Simu mia moja zinazotoa shauri moja ni hiyo barabara mpya. Gari zinazojiendesha zikiwa za mwenyewe mmoja anaweza kuzigawa, wewe huku, wewe kule, kama maji yanavyojigawa kwenye mifereji. Ila atakayepewa njia ndefu kwa faida ya wenzake sijui kama atakubali kulipa nauli ile ile. Mimi nisingekubali.

SWALI: Maalim mie nauza mahamri Langoni na nina punda mmoja. Wajukuu wananitisha ati hizo gari zitakuja mpaka huku na punda watafukuzwa. Ni kweli?
– Mama wa mahamri, Lamu

JIBU: Mama shikamoo, lala usingizi. Maji yanaweza kugeuka digrii 90 penye upana wa bomba. Gari ndogo ya kawaida ikizungusha usukani mpaka mwisho bado inataka duara lenye nusu kipenyo cha mita 5 mpaka 6, na haiendi ubavu. Ndiyo maana hata ile njia ya maji niliyoieleza juu, kabla ya gari kupewa, hupitishwa tena kwenye hesabu nyengine inayokataa kila kona ambayo magurudumu hayaiwezi. Vichochoro vya Langoni na Mkomani vingekataliwa karibu vyote, na vilivyobaki pana baraza za watu.

Punda wako anatumia hesabu gani sijui, ila ninajua anarudi nyumbani peke yake. Jana jioni nilikutana na mmoja wa namna hiyo nyuma ya msikiti, pale njia inapobana, hana mwenyewe, ana magunia mawili matupu. Tulisimama tukatazamana, mimi kama lile kumbi mbele ya nguzo, nikahesabu nafikiri mpaka nane. Kisha mtoto akafungua mlango ubavuni mwangu, nikarudi kizingitini, punda akapita.